Mechi Tatu za Kumpima Mdogo Wangu

Katika mechi ya kwanza niliandika “hakugusa” mara hamsini na moja. Niliandika kwa kalamu ya wino, katika daftari la mistari, na kila mara niliandika neno zima, kwa sababu haikunijia kwamba ningeweza kuweka alama tu. Mdogo wangu alikuwa uwanjani na jezi namba sabini na mbili, na mpira haukufika mikononi mwake hata mara moja.

Namwita mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu huyo ni ndugu wa kuzaliwa. Amezaliwa hukuhuku Marekani, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Wakati ninaoueleza alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpana, na mama mkubwa alikuwa akipika sufuria mbili za wali, moja yetu na moja yake. Mimi nilikuja kukaa kwao Hyattsville miaka miwili kabla ya hapo. Elimu yangu ni darasa la saba. Nafanya kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwisho wa juma sina zamu. Ndiyo maana kazi ya daftari iliniangukia.

Aliyenipa kazi hiyo ni baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, ambaye namwita baba tu. Mwezi wa nane mdogo wangu alirudi nyumbani akasema amepangwa kikosi cha kwanza cha timu ya chuo chake, kule ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa benchi, na benchi halikumsumbua baba. Kikosi cha kwanza kilimsumbua. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti na kugongana, na baba hushinda na watu waliovunjika. Anahudumia wazee majumbani mwao; huwaogesha, huwavalisha, huwashika wanapotoka kitandani kwenda kwenye kiti. Anajua nyonga inavyopona na inavyokataa kupona.

Aliongea baada ya chakula, sote tukiwa mezani. Alimwambia mwanawe kwamba hatamkataza kabla ya kuona.

“Kama timu inakuhitaji, sina neno,” alisema. “Lakini kama huhitajiki, huna sababu ya kwenda kuvunjwa bure. Nakupa mechi tatu.”

Baada ya mechi ya tatu tungekaa tena pale mezani na yeye angeamua: mtoto aendelee au arudishe jezi. Sheria ya huku inamruhusu kijana wa umri huo kumwambia baba yake hapana. Mdogo wangu hakusema hapana. Aliuliza tu, kwa Kiingereza, baba atajuaje kama anahitajika wakati Jumamosi huwa kazini. Baba akanigeukia mimi.

Ujanani baba alikuwa winga wa timu ya kiwanda Morogoro. Kwake mchezaji hupimwa kwa mipira anayoigusa. Mtu anayegusa mpira mara nyingi anatafutwa na wenzake, na anayetafutwa anahitajika. Aliniambia niandike kila mara mdogo wangu anapogusa mpira, na kila mara anapotolewa nje. Nisiandike maoni. Nilifurahi kuambiwa hivyo, kwa sababu maoni sikuwa nayo.

Mechi ya kwanza ilikuwa saa sita mchana. Mabenchi ya uwanja ule ni ya bati, na mwanzoni mwa Septemba bati hilo huwezi kulikalia bila kutandika kitu. Nilitandika kanga. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu kasi. Mimi huandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, na nilijua kwamba mpira tunaoujua sisi hauwezi kuandikwa na mtu kama mimi. Ukiinamisha kichwa umekosa goli. Lakini mpira huu husimama. Watu hugongana kwa muda wa kuhesabu hadi tano au sita, refa anapiga filimbi, halafu wanajikusanya na kunong'ona na kujipanga upya, na katika muda huo mimi naweza kuandika mstari mmoja, nikaweka nukta, na nikainua kichwa kabla hawajaanza. Ni mchezo wa kwanza niliouona ambao hauniachi nyuma.

Kwa hiyo niliandika. Wakati mwingine kikosi kizima kilitoka na kingine kikaingia, na mdogo wangu akaenda kukaa na kunywa maji. Hapo niliandika “ametolewa.” Alitolewa mara kumi na mbili. Timu yake ilifungwa. Watu nyuma yangu walilalamika kwamba safu ya ushambuliaji haisogei, kwamba msimu ukianza hivi utaisha vibaya, na nilielewa kwamba safu hiyo ndiyo aliyokuwamo mdogo wangu.

Jumapili tulikwenda ibadani, ile ya Kiswahili, na baada ya ibada wazee walimzunguka baba kumuuliza habari za mwanawe. Mmoja alitaka kujua anacheza namba ngapi. Kule kwetu ukisema mtu anacheza namba tisa, watu wanajua anafunga. Ukisema namba tano, wanajua anakaba. Baba alisema sabini na mbili.

“Sabini na mbili?” yule mzee aliuliza. “Ndugu yangu, huyo basi yuko mwisho kabisa wa benchi la akiba, karibu na vyoo.”

Wakacheka, na baba akacheka nao, lakini tulipofika nyumbani alitaka daftari hata kabla ya kuvua koti. Nilimsomea. Nilisoma kila mstari kwa sababu aliniambia nisiruke, na baada ya mistari ishirini ile sauti yangu ilianza kunichosha mwenyewe. Hakugusa. Hakugusa. Ametolewa. Mama mkubwa alitoka jikoni akasimama mlangoni na kijiko. Mdogo wangu alikuwa kwenye kochi, na nilipomaliza alianza kueleza kwa haraka, kwa Kiingereza, kwamba kazi yake si kushika mpira, kwamba kutoka kwa kikosi si kutolewa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kila mchezaji mbovu aliyewahi kumjua alikuwa na maelezo mazuri.

“Zimebaki mbili,” alisema.

Mdogo wangu hakunilaumu. Jioni alijaribu kunichorea mchezo wenyewe kwenye karatasi, miduara na mishale, lakini alichora upesi na kusema upesi, nami nikatikisa kichwa kuitikia bila kuelewa. Ni kosa langu la siku zote. Naona aibu kumwambia mtu arudie.

Mechi ya pili ilikuwa palepale chuoni. Nilikaa kwenye kona ileile, na katikati ya robo ya kwanza mwanamke mmoja aliyekuwa safu ya mbele yangu aligeuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya timu, na nilikwisha kumsikia akiongea kwenye simu Kiswahili cha Kenya, cha bara. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama kana kwamba nimempa zawadi na hajui aiweke wapi.

“Marahaba,” alisema. “Sasa wewe, unaandika nini tangu tuanze? Uko wa gazeti?”

Nilimweleza kidogo, jinsi nilivyoweza. Aliomba daftari, na sikujua namna ya kukataa. Alisoma kurasa mbili za wiki iliyotangulia, kisha ukurasa wa siku ile, na mabega yakaanza kumtikisika.

“Huyu sabini na mbili ni nani wako?”

“Ni mdogo wangu.”

“Na unamwandikia hakugusa, hakugusa, hakugusa, kama mashtaka. Huyo hafai kugusa. Akidaka pasi refa atapuliza filimbi na sisi sote tuadhibiwe. Hiyo ndiyo sheria.”

Nilimuuliza basi anafanya nini. Aliinuka akaja kukaa kando yangu, juu ya kanga, na tangu hapo aliniongoza. Alisema nisiangalie mpira. Niangalie yule anayesimama nyuma ya wenzake na kuurusha. Huyo mrushaji alikuwa mwanawe. Mtoto wake anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo anapojiandaa kurusha, mgongo unakuwa umeelekea kushoto na hawezi kuona kinachotoka huko. Kushoto ndiko alikosimama mdogo wangu. Watu wazito kabisa wa timu pinzani hutumwa upande huo makusudi, na kazi ya mdogo wangu ni kuwazuia kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, mpaka mpira utoke.

“Mimi ni nesi,” alisema. “Nimeona watu wameingizwa hospitali. Kila Jumamosi naomba Mungu, halafu naangalia huyo wako.”

Kuhusu kutolewa alinifafanulia pia. Timu moja ina vikosi viwili, cha kushambulia na cha kuzuia, na vinapishana. Anayetoka amemaliza zamu, hajafukuzwa. Zamu niliielewa mara moja.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliendelea na ya baba, kwa sababu ndiyo niliyotumwa. Kulia nilianza yangu: mrushaji amesimama, au mrushaji ameanguka, na kama ameanguka, mtu aliyemwangusha ametokea upande gani. Siku ile aliangushwa mara moja tu, na aliyemwangusha alitokea kulia. Safu ya ushambuliaji ilisogea uwanja mzima, polepole lakini ilisogea. Wana nafasi nne za kwenda yadi kumi, na wakifika wanapewa nne nyingine. Wakishindwa wanaupoteza mpira. Walifika mara nyingi. Watu walewale waliolalamika wiki iliyopita sasa walisema hii timu ina mashambulizi mazuri ila ilikuwa haijapata moto. Yule mama aliniambia msimu mchanga hausemi kitu, mechi moja ni uongo na mbili ni uvumi. Lakini alikuwa akitabasamu.

Jumapili nilimwambia baba kwamba safari hii daftari lina pande mbili. Sikumweleza kwa ufasaha. Nilisema kugusa ni marufuku kwake, nikasema habari ya mgongo wa mrushaji na upande wa kushoto, kisha nikasoma upande wa kulia wa ukurasa: amesimama, amesimama, amesimama. Baba aliniuliza maswali kama anavyomuuliza daktari wa mzee anayemhudumia. Anamzuia kwa mikono au kwa kifua? Akizidiwa anaruhusiwa kumshika shati? Mdogo wangu alijibu kutoka kwenye kochi, na baba akageuza kiti ili amwone.

“Kwa hiyo kazi yako ni mtu mwingine asianguke,” baba alisema.

“Yes,” mdogo wangu alisema, kisha akaona haitoshi. “Ndiyo, baba.”

Baba alisema kazi ya kumfanya mtu asianguke anaijua, na kwamba ukiifanya vizuri hakuna anayeona kama umefanya chochote. Alilifunga daftari na kunirudishia. Mama mkubwa alitegemea kwamba hapo mambo yamekwisha, na alisema hivyo, lakini baba alisema mechi tatu ni tatu.

Niliona wiki ile kwamba mdogo wangu alibadilika. Alikula kama kawaida, lakini alianza kuingia nyumbani akitabasamu bila sababu, na mara mbili alisema Kiswahili bila kulazimishwa. Jumatano alichelewa kutoka mazoezini na akaenda kulala bila kukaa nasi. Alhamisi mama mkubwa alimwomba ashushe sufuria kubwa juu ya kabati, akasema anachelewa, nikaishusha mimi kwa kupanda kiti. Haya nayasema sasa kwa mpangilio. Wakati ule hayakuwa na mpangilio wowote.

Mechi ya tatu ilikuwa ugenini, upande wa Manassas. Wachezaji walikwenda kwa basi lao, nami nilichukuliwa na yule mama wa Kenya, anayekaa Woodbridge lakini alizunguka mpaka Hyattsville kunifuata. Njia nzima aliongea yeye. Alinieleza timu tunayokwenda kukutana nayo, alinipa chapati iliyofungwa kwenye karatasi, akanitania kwamba mimi ni kocha msaidizi na siku moja nitaajiriwa.

Nilikuwa sasa najua kuandika kwa kifupi. S ilikuwa amesimama, A ameanguka, na karibu na A niliweka upande. Kabla ya mapumziko kulikuwa na S nyingi na A moja, ya kushoto. Baada ya mapumziko A zilikuja nne. Moja ya katikati, tatu za kushoto. Nilijua zinatokea wapi kabla hazijafika, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kumwangalia mdogo wangu na si mpira. Mtu wa upande wa pili alikuwa akimpita nje, kila mara nje, penye mkono wake wa kushoto, na mdogo wangu alikuwa anamfuata kwa mwili mzima badala ya kumsukuma kwa mikono. Mrushaji alipoanguka mara ya mwisho alikaa chini muda kabla ya kusimama. Timu haikufika yadi kumi hata mara moja katika robo ya mwisho.

Yule mama alitazama daftari langu.

“Hiyo pia umeandika?”

“Nimeandika.”

“Na upande?”

“Na upande.”

“Sawa,” alisema. “Ni haki yake baba yako kujua. Lakini huyo kijana si yule wa wiki jana. Hata mimi ningempita leo.”

Alisema bila hasira. Baada ya mechi alishuka kwenda kumwona mwanawe, nami nikamsubiri mdogo wangu karibu na basi. Nilitaka kumsalimia tu. Alitoka na nywele zimelowa, begi limening'inia bega la kulia, na aliponiona alinivuta pembeni. Aliongea Kiswahili, chote, bila kuchanganya.

“Dada, zile za leo usisome.”

Nilimwambia nimekwisha kuziandika.

“Andika upya. Weka amesimama. Baba hawezi kujua, hakuwepo. Ni kesho tu, dada. Baada ya kesho hataki tena daftari.”

Sikujibu. Wenzake walimwita, akaenda, akapanda basi akiwa ananitazama kupitia kioo. Ninaposema sikujibu watu huweza kudhani nilikuwa natafakari. Hapana, sikuwa na neno tu, kama mara nyingi. Kutafakari kulikuja baadaye, ndani ya gari, wakati yule mama akiendesha kimya katika msongamano.

Nilifikiri hivi. Nikisoma kilichoandikwa, baba atasema hahitajiki, jezi itarudishwa, na itakuwa ni mimi niliyeirudisha. Nikisoma uongo, ataendelea. Na kama kweli hawezi tena kuzuia upande ule, mtoto wa huyu mama aliyenipa chapati ataendelea kuangushwa kwa mgongo. Lakini hilo halikuwa lililonishika zaidi. Lililonishika ni kwamba wiki mbili zile mistari yangu ilikuwa imewafanya baba na mwanawe waongee. Baba aliiamini kwa sababu haikuwa na maoni. Nikiweka maoni yangu mara moja tu, hata mazuri, ingekuwa si mistari tena.

Jumapili tulikaa mezani sote wanne. Mdogo wangu alikaa mwisho wa meza na hakula. Baba alisema, haya, ya tatu. Nilisoma. Nilisoma A ya kwanza na upande wake, na nikaona mdogo wangu anashusha macho. Niliendelea mpaka mwisho kwa sauti ileile. Mama mkubwa alisema, “Jamani,” polepole.

Nilidhani baba anatafuta maneno ya hukumu. Alinyoosha mkono akaomba daftari, akaweka mbele yake kurasa za mechi ya pili na za mechi ya tatu, akazitazama kama anavyotazama karatasi za zamu za wazee wake, ambazo huandikwa kila saa: amekula, amekunywa, amegeuzwa. Alipitisha kidole chini ya A za kushoto.

“Huyu mtu aliyekuwa anakupita,” alimuuliza mwanawe, “alikupitia ndani au nje?”

“Nje.”

“Mara zote?”

“Zote.”

“Inua mikono.”

Mdogo wangu alisema kwa Kiingereza yuko sawa, alicheza vibaya tu, akainua mkono wa kulia mpaka juu. Baba alisubiri. Mkono wa kushoto ulifika usawa wa kifua na kusimama hapo, na uso wa mdogo wangu ukabadilika rangi. Baba aliinuka akazunguka meza. Aliweka mkono mmoja chini ya kiwiko, akaubeba uzito wake, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine akafuata mfupa kutoka shingoni kwenda begani, taratibu, bila kubonyeza. Nilikuwa nimeishi naye miaka miwili na sikuwahi kumwona akifanya kazi yake.

“Tangu lini?”

“Jumatano.”

“Kocha anajua?”

Hakujua. Hakuna aliyejua. Alikuwa amejifunga bandeji mwenyewe chini ya jezi.

“Kwa nini ulicheza?” baba aliuliza, na hapo nilisikia kwamba anajua jibu, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini mno.

“Ulisema mechi tatu,” mdogo wangu alisema. “Ningekaa benchi mechi ya tatu, ungesema sihitajiki.”

Baba aliendelea kuushika mkono ule. Mama mkubwa alianza kulia na kukasirika kwa pamoja, akasema wanaume wa nyumba hii watamuua, mmoja na masharti yake na mwingine na ukimya wake. Baba alimwambia mwanawe ampigie kocha, sasa hivi, Jumapili au si Jumapili. Mdogo wangu alipiga na kueleza, na baadaye baba alichukua simu akasema na kocha mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akitaja majina ya misuli ambayo sikujua anayajua.

Daktari wa timu alimwona Jumatatu. Bega lilikuwa limechanika ndani, si la kupasuliwa lakini la wiki sita au zaidi. Kocha alikuwa muungwana na alisema wazi kwamba nafasi hawezi kumwekea. Kijana mwingine aliingizwa upande wa kushoto, na nilisikia kutoka kwa yule mama kwamba mashambulizi ya timu yameanza kusogea tena. Alinipigia mwenyewe kunieleza. Alisema anashukuru kwa daftari, kisha akaniambia nisimwambie mdogo wangu kwamba ameshukuru.

Mdogo wangu hakuongea nami kwa siku tisa. Hakununa, alinipisha mlangoni, alinisogezea chumvi. Siku ya kumi aliniuliza kama ningeweza angalau kumwambia kwanza kwamba nitasoma. Nilimwambia ningeweza. Nilimwambia sikuwa na ujasiri. Alifikiri, akasema na yeye hakuwa nao, na hayo ndiyo tuliyoongea.

Mkono ulikuwa umetundikwa shingoni na hakuweza kuvaa mwenyewe. Baba huondoka alfajiri kwenda kwa wazee wake, lakini wiki zile alikuwa akiamka mapema zaidi, akagonga mlango wa mwanawe, na kumvalisha. Niliwaona asubuhi moja nikiwa napita na kikombe changu cha chai. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkubwa kuliko baba yake karibu mara mbili. Baba alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka ukawa kama pete, akaupitisha kwenye mkono mgonjwa kwanza, akauvuta taratibu hadi begani, ndipo akazungusha shati mgongoni na kumpa mkono mzima aingize mwenyewe.

“Mgonjwa huingia kwanza,” alikuwa akimwambia. “Ukivua, yeye hutoka mwisho. Usigeuze.”

Mdogo wangu alimuuliza kitu kwa sauti ndogo. Nilisikia neno jezi, na neno Novemba.

Baba alikuwa anafunga vifungo kuanzia chini. Alifunga viwili kabla ya kujibu.

“Ukipona, nenda kawaulize,” alisema. “Wakikuweka benchi, kaa benchi. Mimi sikupimi tena.”

Akamalizia vifungo, akamwekea ukosi vizuri, na akatafuta funguo za gari.